Kadi ya Chinook

Walinikabidhi kipaza sauti kabla sijamaliza chai. Msimamizi wa shughuli, kijana aliyevaa suti iliyombana mabegani, alitangaza kwamba sasa angezungumza "mtu wa kazini," nami nikasimama na kikombe mkononi, mbele ya mahema matatu ya watu wa Seme waliokuja kumzika Mzee Ogola, bila hata mstari mmoja kichwani. Mimi si mtu wa kukosa la kusema. Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini, na nimezima kelele za madarasa mazima kwa kukohoa tu. Lakini jeneza lilikuwa hatua nne kutoka kwangu, na mbele kidogo, upande wa kushoto wa nyumba, palikuwa na kaburi lingine, la zamani, lililoota nyasi fupi, nalo pia lilikuwa lake. Wageni wengi hawakulijua. Basi nikasema kwamba mimi na marehemu tulijuana vizuri kwa sababu ya neno moja, nalo ni Chinook. Hema la vijana likacheka, wakidhani mwalimu mzee ameanza kuzungumzia helikopta. Niliwaacha wacheke. Baada ya mazishi mjukuu wake aliniomba nimwandikie kisa chote, na kwa kuwa sipendi kuombwa mara mbili, nakiandika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nilikuwa nangoja kuitwa chuo cha ualimu. Kungoja ni kazi mbaya kwa mtu asiye na subira, kwa hiyo niliingia katika kiwanda kimoja kidogo cha uchapaji mjini Kisumu na kumwambia mwenyewe kwamba najua Kiingereza, Kiswahili na jiografia. Hakuniuliza najuaje. Alinionyesha ngazi, akasema huko juu kuna mzee mmoja anayehitaji msaidizi, na kwamba wawili waliotangulia walikimbia. Juu palikuwa na chumba kimoja kirefu chenye paa la mabati, dirisha lililotazama korongo za kupakulia mizigo bandarini na kipande cha ziwa, na meza iliyojaa kadi. Chini mtambo ulinguruma mpaka penseli zikatembea zenyewe mezani. Jirani yetu alikuwa na ghala la omena waliokaushwa, na harufu yao ilipanda pamoja na harufu ya wino, ikawa ndiyo harufu ya nguo zangu mwaka mzima. Hata leo nikipita sokoni penye omena wengi najikuta nikitafuta kalamu.

Kazi yetu ilikuwa kutunga kamusi ya maarifa kwa shule za msingi: kitabu ambacho mtoto angekifungua na kujua pundamilia ni nini, posta ni nini, mwezi unapatwaje. Tulitoa habari kutoka kwenye vitabu vikubwa vya Kiingereza ambavyo Mzee Ogola alikuwa amevikusanya, vingine bila majalada, tukaziandika upya kwa Kiswahili. Kila neno lilipewa kadi moja, na kila kadi mistari minane, si zaidi, kwa amri ya mwenye kiwanda. Mzee alikuwa na Kiswahili cha aina mbili. Kile cha karatasi kilikuwa safi, kimenyooka, na angekurudishia kadi kwa koma moja. Kile cha chai kilikuwa cha Kisumu kama chetu sote, kimechanganyika na Dholuo na Kiingereza, na hakukionea haya. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alinisalimia siku ya kwanza kwa kunipa kitambaa nifute kiti changu.

Mchana mama wa kibanda cha mkabala alituletea ugali na samaki, siku nyingine mboga ya apoth inayoteleza, siku ya mwisho wa juma nyoyo, mahindi na maharagwe. Mzee hakuruhusu habari za kazi mpaka ugali uishe. Tukishanawa mikono, Were, mpangaji herufi, alipanda kutoka chini na vidole vyake vyeusi, akakaa mlangoni asichafue chochote, nasi tukasoma kadi za asubuhi kwa sauti. Kanuni ilikuwa hiyo: kadi haitoki chumbani mpaka watu watatu waisikie na pasiwe na hata mmoja aliyekunja uso. Were alikuwa mtu wa Port Victoria, mcheshi, asiyesoma kitabu chochote ila vile alivyovichapa, na uso wake ulikunjika haraka kuliko wetu. Alimkataa nyangumi mara tatu. Alisema hatuwezi kumwambia mtoto wa Kombewa kwamba kuna mnyama mkubwa kuliko nyumba anayenyonyesha majini, halafu tukaendelea na neno jingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa ajili yake tuliongeza mstari, tukaupunguza kwenye nyanya.

Chinook niliileta mimi. Niliijua kutoka darasa la jiografia: upepo mkavu wa joto unaoshuka milima ya Rocky kule Amerika ya Kaskazini na kula theluji kwa siku moja. Niliwahi kupata alama zote kwa upepo huo, na nilitaka dunia ijue. Nilipofungua vitabu vya Mzee nikakuta kwamba jina hilo halikuwa la upepo peke yake. Kulikuwa na samaki, samoni mkubwa kuliko samoni wote, anayepanda mto kwenda kutaga mayai. Kulikuwa na helikopta ya jeshi yenye mapanga mawili makubwa, moja mbele, moja nyuma. Kulikuwa na mbwa wa kuvuta sleji, kigari cha theluji kisicho na magurudumu. Kulikuwa na lugha ya biashara, yenye maneno machache, ambayo makabila mengi ya pwani ile yaliitumia kuuziana vitu. Na kulikuwa na watu, kabila la mdomo wa mto Columbia, ambao wengine wote hao walichukua jina kwao. Nilifurahi mno. Niliandika kadi asubuhi moja, upepo mbele, helikopta ikafuata kwa sababu watoto wangeipenda, kisha samaki, mbwa na lugha. Mstari wa nane niliwapa watu. Kitabu kilisema magonjwa yaliyoletwa na wageni yaliwaua wengi, wakabaki wachache. Nafasi ilikuwa imeniishia. Nikaandika: "Pia kabila la kale la sehemu hiyo, sasa limekwisha."

Niliisoma baada ya chakula kwa sauti ya mtu anayengoja kupigiwa makofi. Were alipenda helikopta. Mzee hakukunja uso. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanyoosha mkono nimpe kadi.

"Nani amekuambia hawa watu wamekwisha?"

"Kitabu, Mzee."

"Kitabu imesema wamebaki wachache. Mimi nimesoma. Wewe ndio umewamaliza."

Nilimwambia mistari ni minane tu, na kwamba wachache sana na kwisha ni karibu kitu kimoja. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilidhani hilo ni jibu.

"Huyo mwenye amebaki," akasema, "ukimwambia ni karibu kitu moja, yeye atakujibu nini?"

Kisha akanipa somo ambalo sikuliomba. Alisema yeye ni mtu wa Seme, na Seme ni watu. Lakini siku hizi, alisema, kuna shule ya Seme, kuna timu ya mpira, kuna nyumba ya wageni iliyopakwa rangi ya waridi, na kuna basi. Siku moja mtu wa mbali akiuliza Seme ni nini, atajibiwa ni basi, na mtu wa Seme amesimama hapo hapo kituoni anangoja kupanda. Were alicheka, mimi sikucheka. Mzee aliandika juu ya kadi yangu kwa penseli nyekundu kwamba haitatoka chumbani mpaka niwe nimempata Mchinook mmoja aliye hai au nimethibitisha kwamba hayupo. Nilimuuliza nimtafute wapi, sokoni Kibuye? Akasema, "Andika barua. Watu huandikiwa."

Nilishuka ngazi nikiwa nimenuna. Were alinikuta bombani nikinawa uso, akaniambia kwa upole ambao hakuwa nao kawaida, "Awino, usichokoze Mzee na mambo ya watu kuisha. Huyo alishazikwa."

Sikuelewa, na Were hakutaka kueleza zaidi. Alisema kila mtu ana mdomo wake. Nilikaa na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne Mzee alinichukua kwenye vibanda vya samaki ufukoni, mahali unapochagua ngege mbichi na kumngoja akikaangwa, na kabla samaki hajaja akaanza mwenyewe, bila kuulizwa, akiangalia maji. Alikuwa amefanya kazi Kampala, katika uchapaji vilevile, wakati nchi ile ilipochafuka. Wachapaji walikuwa watu wa kwanza kutafutwa. Alijificha, akakimbilia upande wa kusini, akakaa miaka sita bila kutuma neno nyumbani, kwa sababu neno lingeweza kumuua mtu aliyelibeba. Mtu mmoja alirudi Kombewa, kwao Seme, akaapa kwamba alimwona Ogola amekufa. Nyumbani wakalia. Na kwa kuwa hapakuwa na mwili, walifanya kama desturi yetu inavyotaka: walikata yago, lile tunda refu zito la mti wa mwegea, wakalivika, wakalilaza, wakalichimbia kaburi upande wa kushoto wa nyumba yake na kulizika kwa jina lake. Mkewe, Mama Siprosa, alinyolewa nywele.

Halafu akarudi. Alishuka Kombewa mchana wa siku ya soko, na soko lote likatawanyika. Mwanamke mmoja alimmwagia maji ya samaki ahakikishe kama analoa. Alipofika kwake, mkewe hakupiga kelele. Alitoka na kigoda na kikombe cha maji, akaviweka nje ya lango, akarudi ndani ya ua akasimama akimtazama anywe. Wazee walikuja wakasema mtu aliyekwisha kuzikwa hawezi kupita langoni kama mgeni aliyetoka safari. Lazima kwanza mambo yatazamwe, dawa zitafutwe, kondoo apatikane, na pengine siku kadhaa zipite. Mzee alikaa juu ya kigoda kile nje ya kwake mwenyewe mpaka jua likapinda, akiwasikia wanabishana juu yake kwa "yule." Kutoka pale alipokaa aliliona kaburi. Akasimama, akashika njia, akaja Kisumu, na hakurudi tena. Ilikuwa miaka tisa sasa. Kutoka dirisha letu hadi lango lake hata mtu wa miguu angefika kabla ya jua kuzama. Wajumbe walipokuja alitoka kwa mlango wa nyuma.

Nilimuuliza kwa nini. Samaki alikuwa amefika na hakuna aliyemgusa.

"Walinizika wao," alisema. "Wanifukue wao."

Nilimwonea huruma, na pia, niseme kweli, nilimkasirikia. Nilimfikiria yule mwanamke na kikombe chake cha maji. Lakini sikuwa na haki ya kusema, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimezika kabila zima kwa mstari mmoja ili helikopta ipate nafasi. Jioni hiyo nilifungua ramani, nikatafuta mdomo wa mto Columbia, nikauchagua mji ulioandikwa karibu zaidi na maji, na nikaandika juu ya bahasha: Kwa mtu yeyote wa kabila la Chinook, kwa hisani ya mkuu wa posta. Ndani niliandika kwa Kiingereza changu bora kwamba tunatunga kitabu cha watoto Kisumu, kando ya ziwa kubwa, na kwamba nilikuwa karibu kuandika kwamba hamko. Nikauliza mambo mawili tu. Je, mko? Na kama mko, mngependa tuseme nini?

Barua ile ikaenda, na hasira za mwenye kiwanda zikaja. Neno la Ch lilikuwa katika karatasi moja kubwa ya kurasa kumi na sita, na karatasi nzima ilisimama kwa sababu ya watu wa mbali ambao hakuna mteja aliyewaulizia. Mzee aliteremka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akaketi kwenye kiti kando ya mtambo na kusema atakaa hapo. Ilibidi wachape karatasi nyingine kwanza. Were alipanga ukurasa wote kwa herufi zake za madini ya risasi, na pale pa Chinook akaacha tundu, akalijaza vipande vya mbao vitupu ili zisianguke. Kila nikipita chini niliona ule mraba mweupe kwenye prufu, ile karatasi ya kusahihishia, iliyobandikwa ukutani, katikati ya chimbuko na chokaa. Mwenye kiwanda aliniita ofisini. Alikuwa mstaarabu. Alisema muhula ukifunguliwa, barua isipokuja, karatasi itachapwa na kadi yangu ya kwanza kama ilivyokuwa, ile ya limekwisha, na mimi nitatafuta kazi kwingine. Nilimjibu kwamba barua itakuja. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Ila nimeona katika maisha kwamba ukijibu haraka, watu hufikiri unajua kitu.

Mvua za masika zilipiga mabati yetu mpaka kusoma kadi ikawa kupiga kelele. Nilikwenda posta kila siku, hadi karani akawa ananitikisia kichwa kabla sijaingia. Zilibaki siku nne muhula ufunguliwe. Siku hiyo karani hakutikisa kichwa. Alinishikia bahasha juu, akaigeuzageuza, akasema stempu zake ni nzuri, kama nitazitaka. Sikuifungua. Nilipanda nayo ngazi nikiwa nimelowa, nikaiweka mbele ya Mzee, nikamwita Were kwa kugonga sakafu na kiatu. Ugali ulikuwa mezani. Mzee aliusogeza pembeni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Ilitoka kwa mwanamke mtu mzima. Mkuu wa posta alikuwa ameibeba barua yangu mwenyewe hadi nyumbani kwake, kwa kuwa alimjua tangu utotoni. Aliandika kwa mwandiko mkubwa kwamba ndiyo, wako. Hawako wengi, lakini wako, wanakutana, wanaoana, wanagombana juu ya mikutano, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amempikia mjukuu wake yule samaki niliyemtaja. Serikali ya nchi yao haijawaweka katika orodha ya makabila inayoyatambua, na wazee wao wanadai tangu kabla yeye hajazaliwa. Hilo linawaudhi, lakini hawakungoja orodha ndipo waishi. Kuhusu helikopta, alisema hakuna aliyewauliza. Mwisho aliandika kwamba nimeuliza waseme nini, na yeye angependa tu tuanze nao, kwa sababu wao ndio walikuwapo kwanza. Upepo na samaki na hao wengine wanaweza kusimama nyuma yao. Akaniomba nimtumie ukurasa ukichapwa, ili auonyeshe mkutanoni. Niliutuma. Tuliandikiana miaka kumi na miwili, hadi alipofariki, na bintiye bado hunitumia kadi kila Krismasi.

Nilipomaliza kuisoma, Were alikuwa analia na kujifuta wino usoni. Mzee alivuta kadi mpya akaniamuru niandike. Watu mbele. Lugha yao ikafuata, na hapo alitaka niongeze kwamba ilikuwa ya kufanyia biashara, kama Mluo, Mluhya na Mhindi wanavyouziana samaki hapa Kisumu kwa Kiswahili. Kisha samaki, kisha upepo, mbwa. Helikopta ilipata maneno manne mwishoni. Tulihesabu mistari: minane kamili. Were akashuka nayo mbio kwenda kutoa vipande vyake vya mbao.

Tulibaki wawili. Mvua ilikuwa imepungua na ingekuwa busara kula. Lakini nilikuwa nimeshinda siku hiyo, na mtu aliyeshinda hana breki.

"Mzee," nikasema, "huyu mama hakungoja mtu amfukue. Ameandika mwenyewe."

Nilijua nimevuka mpaka ambao hata mtoto wake wa kumzaa asingeuvuka, na nilikuwa tayari kuomba radhi, ila radhi haikutoka kwa sababu niliamini nilichosema. Mzee akausogeza ugali katikati ya meza, akamega, akala. Hatukuzungumza tena jambo hilo kwa wiki tano.

Vitabu vilipokamilika, shehena ya kwanza ilipangiwa shule za upande wa Kombewa. Asubuhi ya safari nilimkuta Mzee amesimama kando ya pikapu ya kiwanda, amenyoa ndevu, amevaa koti la kahawia ambalo sikuwahi kuliona. Alisema atapanda, na kwamba mimi pia nitapanda, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo. Tulipofika Kisian, pale barabara inapogawanyika, moja ikielekea Busia na nyingine Kombewa, alimwambia dereva asimame. Alishuka, akanunua mkate na sukari, kama anavyofanya mtu yeyote anayekwenda nyumbani. Kisha akasimama na vitu vyake mkononi karibu na njia panda, huku anatazama barabara ya Busia ambayo hakuwa na shughuli nayo. Dereva alizima injini. Sikushuka wala sikumwita. Nilijiambia akirudi upande wa Kisumu, nitarudi naye, na sitamsema tena maishani. Alirudi kwenye pikapu akafunga mlango mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haukushika.

Mama Siprosa alikuwa anaanika mtama uani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani, na jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu. Alisimama. Mzee alisimama nje ya lango, mahali kile kigoda kilipowekwa, na mkate wake. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima njiani, yenye Chinook ndani yake, na haikuhitajika.

"Hapo sio," Mama Siprosa alisema. "Zunguka."

Akatembea ndani ya ua, nasi tukamfuata kwa nje, mkabala naye, ukuta wa minyaa ukiwa kati yetu. Kule nyuma, karibu na lile kaburi la nyasi, ua ulikuwa na pengo la upana wa mtu mmoja. Matawi ya pande zote mbili yalikuwa yamekatwa mara nyingi, makovu juu ya makovu, na mengine yalikuwa bado yanatoa utomvu mweupe. Mzee akaliangalia.

"Hii ilifunguliwa lini?"

"Ile wiki uliondoka," alisema. "Wazee walimaliza maneno yao, wakasema upite hapa, sio kwa lango. Nikatuma watu wakuambie. Nikatuma tena. Mara ya tatu nikasema, mimi ni bibi ya mtu, mimi sio posta." Akaligusa tawi moja. "Ojuok, hii minyaa, inamea kila mvua. Kila mvua nakata."

Hapo ndipo nilipolielewa lile jicho. Utomvu wa minyaa ukikurukia machoni hausamehe, na mtu anayekata ua huo peke yake miaka tisa lazima siku moja umrukie. Mzee pia alielewa. Aliweka mkate na sukari chini, mtu huyu ambaye angekurudishia kadi kwa koma moja, akafunika uso kwa mikono yote miwili, na akalia kwa sauti mbele yetu sote. Miaka tisa alikuwa amewaandika watu wake moyoni kwamba wamemmaliza, na hakuwahi kurudi kuhakiki. Shemeji yake mzee aliitwa, dawa zikaletwa, maneno yakasemwa, kondoo ambaye nadhani alikuwa akibadilishwa kila mwaka akatolewa. Haikuchukua siku kadhaa. Kabla ya saa kumi Mzee Ogola aliinama, akapita kwenye pengo, akaingia kwake.

Niliitwa chuoni mwezi uliofuata. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kukata jina la mtoto kwenye daftari la mahudhurio kabla ya kwenda mwenyewe mlangoni kwao. Walimu wakuu walinilalamikia, na niliwaacha walalamike. Wengine niliwakuta kweli wamehama. Wengine walikuwa jikoni wanalea wadogo zao, wakishangaa kwamba bado wapo kwenye daftari, na wawili kati yao walikuwa ndani ya mahema yale siku ya mazishi.

Safari hii jeneza lilipitishwa langoni, kama anavyostahili mwenye boma. Tulimlaza upande wa kulia wa nyumba yake, na yago likabaki peke yake kushoto, ambako hakuna anayelisumbua. Watu walipoanza kuondoka, yule kijana wa suti alikuja na vipimo vyake mbele ya Mama Siprosa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wangu ukiwa mkononi mwake. Familia ilikuwa imeamua kumjengea ua wa waya. Alisema kwa heshima kwamba lile pengo la nyuma sasa litazibwa, kwa kuwa mwenye nalo ameshalala.

"Wacha hiyo," Mama Siprosa alisema.

"Lakini Dani," alisema, akimwita bibi kwa Dholuo, "nani atapita hapo?"

"Sijui," alisema. "Wewe unajua wenye wako njiani?"

Kijana alikunja utepe wake wa kupimia. Mimi nilimuaga mama, nikachukua mkoba wangu, na kwa kuwa gari langu lilikuwa upande wa nyuma, nilipita hapo hapo kwenye pengo, nikiwa nimeshika gauni lisiguse matawi, maana yalikuwa yamekatwa wiki hiyo.